Komfrei: Ipande bustanini, lakini usiinywe



Ijumaa moja tulipotoka kuswali, bibi mmoja alinisimamisha nje ya msikiti, akaingiza mkono kwenye kikapu chake na kutoa jani moja kubwa la kijani kilichokolea. Lilikuwa refu kuliko kiganja changu, lenye ncha, na limejaa vinyweleo vinavyokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unayeandika mambo ya afya? Basi niambie. Jani hili nimeelezwa kuwa ni dawa ya kila kitu. Ninalisaga na nanasi, ninakunywa mimi na wajukuu zangu kila asubuhi, mwezi wa pili huu. Sasa binti yangu amekuja, anasema nitawaua watoto. Nani mkweli kati yetu?"

Jani lile lilikuwa la komfrei. Nilimjibu pale pale kwa ufupi kwamba binti yake ndiye aliyekuwa na haki, na kwamba juisi ile aiache siku hiyo hiyo. Lakini swali lake si lake peke yake. Katika nyumba nyingi, hasa za nyanda za juu zenye baridi, mmea huu umepita mkono kwa mkono, jirani akimpa jirani, na kila unapofika unafika na sifa zake: unaongeza damu, unashusha sukari, unaunga mifupa, unasafisha tumbo, unaongeza maziwa ya mama. Baadhi ya sifa hizo zina chembe ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo watu wanaponaswa.

Nitangulize jibu ili asiyesoma mpaka mwisho alipate. Komfrei ni mmea mzuri sana wa kuwa nao nyuma ya nyumba. Hulisha udongo, huzaisha nyanya na migomba, na jani lake huweza kupakwa juu ya kifundo kilichoteguka. Lakini si chakula wala kinywaji, kwa mtu mzima wala kwa mtoto, ukiwa mbichi, uliochemshwa au uliokaushwa.

MMEA HUU UMETOKA WAPI

Wengine hutamka kamfri, na wenzetu wa Kenya wengi huuita mabaki. Wataalamu wa mimea huuita Symphytum, jina lenye asili ya Kigiriki linalobeba maana ya kuungana au kushikamana, kwa sababu tangu zamani watu wa Ulaya waliusaga mzizi wake na kuukandika juu ya mfupa uliovunjika. Maua yake ni kama kengele ndogo zinazoinama, ya zambarau, waridi au meupe.

Uliosambaa zaidi duniani ni ule unaoitwa komfrei ya Urusi, na habari yake inafaa kusimuliwa. Katika miaka ya 1870 Mwingereza mmoja, Henry Doubleday, aliyekuwa akiishi Coggeshall katika jimbo la Essex, alikuwa akitafuta gundi ya stempu za barua. Alisikia kwamba mzizi wa komfrei una utomvu wa kuteleza, akaagiza miche kutoka Urusi. Gundi haikufanikiwa, lakini aliona namna mmea ulivyomea upya haraka kila ukikatwa, akautumia umri wake uliobakia kuueneza kama chakula cha mifugo. Alifariki mwaka 1902.

Nusu karne baadaye mwandishi wa mambo ya bustani, Lawrence Hills, alisoma habari zake, akaitafuta mimea ile, na mwaka 1954 akaanzisha chama cha utafiti wa kilimo kisichotumia kemikali, akakipa jina la Doubleday. Shamba lao lilikuwa Bocking, pia katika Essex. Huko aina mbalimbali zilipewa namba, na iliyopata sifa zaidi bustanini ni Bocking 14, ambayo ina faida moja kubwa: haizai mbegu za kuota, kwa hiyo haivamii shamba la jirani. Huongezeka kwa mizizi tu.

Nimeeleza habari hii kwa makusudi. Wapo wanaouza unga wa majani haya wakiupachika jina la tiba ya Mtume (s.a.w.). Habat soda tunaijua, asali tunaijua, zimetajwa katika hadithi. Komfrei ya Urusi iliyopitia Essex haimo humo. Mtu akiuza bidhaa yake na aiuze kwa jina lake, asiibandike kwa Mtume jambo ambalo hakulisema.

KWA NINI ISINYWEWE

Ndani ya komfrei kuna kundi la kemikali zinazoitwa alkaloidi za pirolizidini. Mmea umepewa kemikali hizo kujikinga na wanaoutafuna. Zikiingia tumboni mwa binadamu hufika kwenye ini, na ini, likijaribu kuzivunja ili zitoke mwilini, huzigeuza kuwa kitu kikali kuliko zilivyokuwa. Kitu hicho huumiza kuta za mishipa midogo kabisa ya damu iliyomo ndani ya ini. Mishipa huvimba na kuziba kidogo kidogo, damu hukosa njia, na sehemu za ini huanza kufa.

Ubaya wake ni kwamba hauumwi siku ile. Mtu hunywa wiki ya kwanza akajisikia mwepesi, wiki ya pili akamsifia jirani, na ini linaumia kimya kimya. Ini halina kelele kama jino. Dalili zinapotokea ni hizi: tumbo kujaa maji na kuwa kubwa wakati mikono na miguu imekonda, maumivu chini ya mbavu za kulia, uzito kuongezeka ghafla kwa sababu ya maji, uchovu usioisha, na macho kuwa ya manjano. Wapo wanaofikishwa hospitali hapo, na wapo wanaopelekwa kwanza kwa mganga kwa kudhaniwa kuwa wamerogwa.

Hii si hofu ya kubuni. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walitangaza kwamba panya waliolishwa majani na mizizi ya komfrei walipata uvimbe wa ini. Mwaka 1990 madaktari wa New Zealand waliandika habari za kijana wa miaka 23 aliyefariki baada ya ini lake kushindwa kazi. Hakuwa mlevi. Alikuwa akila majani ya komfrei kama mboga, akiamini anajitunza. Ujerumani iliweka masharti makali juu ya dawa za kunywa zenye kemikali hizi mwaka 1992, na mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji wote waondoe komfrei katika virutubisho vya kumeza.

Kemikali za kundi hili zimewahi kuangamiza vijiji vizima bila komfrei kuwepo. Katikati ya miaka ya 1970, kaskazini magharibi mwa Afghanistan, ngano ilichanganyika na mbegu za gugu la shambani lenye sumu ya aina hii. Watu walisaga unga, wakaoka mikate, na maelfu wakaugua ini, watoto na watu wazima. Walichokula kilikuwa mkate wa kila siku, na kiasi cha mbegu katika kila mkate kilikuwa kidogo tu.

Sasa yapo maneno ambayo utayasikia, na ni vizuri uwe na jibu lake.

Watasema, "Sisi tunachemsha." Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Sehemu yake huhamia kwenye maji, na maji hayo ndiyo chai yenyewe. Kukausha majani na kuyasaga unga hakuiondoi pia.

Watasema, "Tunatumia majani machanga tu, ndiyo laini." Wamechagua vibaya, kwa sababu jani changa lina sumu nyingi kuliko jani lililokomaa. Mzizi ndio mbaya kupita vyote.

Watasema, "Bibi yangu alikunywa akafika miaka tisini." Alhamdulillah. Wapo pia waliovuta sigara mpaka miaka tisini. Watu hawalingani kwa maini yao, na sisi wa huku tuna mambo yanayoyalemea maini yetu hata kabla ya jani hili. Homa ya ini aina ya B ipo kwa watu wengi ambao hawajawahi kupimwa. Mahindi na karanga zilizoota ukungu huwa na sumukuvu, na mwaka 2016 watu walipoteza maisha kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ongeza dawa za kifua kikuu, ambazo daktari huzitoa akijua zinaligusa ini, au panadoli zinazomezwa kama njugu. Mwenye ini lililokwisha kuchoka akiongezewa bilauri ya komfrei kila asubuhi, anazidishiwa mzigo juu ya mzigo.

Na watasema, "Lina damu na vitamini." Ni kweli jani lililokauka lina protini ya kutosha, na miaka ya nyuma lilitangazwa sana kuwa na vitamini B12. Kiasi chake ni kidogo mno hata usingeweza kula majani ya kukutosheleza. Hakuna kilichomo ndani ya komfrei ambacho hukipati kwa usalama katika mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, maharage, dagaa au kipande cha ini la mbuzi. Mtoto mwenye upungufu wa damu apelekwe akapimwe. Huenda ana malaria, huenda ana minyoo, huenda ana selimundu. Bilauri ya kijani haitakuambia ni kipi.

Wanaopaswa kuwa mbali nayo zaidi ya wote ni watoto wadogo, mama mjamzito na mama anayenyonyesha. Mwili wa mtoto huumizwa na kiasi kidogo kuliko cha mtu mzima, na kemikali hizi hupita katika maziwa. Huo uvumi wa kuongeza maziwa ya mama ndio ninaouchukia kuliko wote.

Kama umekuwa ukinywa, usifadhaike, lakini acha leo. Usipunguze taratibu, acha. Kisha nenda kituo cha afya, mweleze daktari bila kuona haya kwamba ulikuwa ukinywa jani hili, kwa muda gani na kwa kiasi gani, na umwombe vipimo vya ini. Daktari asiyeambiwa atatafuta ugonjwa mahali pengine. Mwenye macho ya manjano au tumbo linalojaa asingoje kesho.

KUIPANDA

Baada ya hayo utauliza, kwa nini basi tuipande? Kwa sababu mwanadamu si peke yake anayekula hapo nyumbani. Udongo nao unakula.

Komfrei hupenda ubaridi na unyevu. Lushoto, Marangu, Njombe, Mbeya, Limuru, huko itastawi bila kubembelezwa. Pwani, kwa mfano Dar es Salaam au Tanga mjini, joto huichosha. Majani hulala ifikapo adhuhuri na kuinuka jioni. Aliye pwani na aipande chini ya kivuli chepesi cha migomba au upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi tu, na amwagie maji.

Jambo la kwanza ni mahali, na hapa usifanye haraka, kwa sababu ukishaipanda umeipanda. Mzizi wake huzama zaidi ya mita moja, na kila kipande kinachobaki ardhini huchipua. Nimemwona mtu akipita na jembe la mkono juu ya mashina matano, na mvua iliyofuata akavuna mashina arobaini. Kwa hiyo chagua kona isiyolimwa: kando ya shimo la mboji, mpakani mwa ua, nyuma ya banda.

La pili, ambalo kwa nyumba yenye watu wengi ni kubwa kuliko la kwanza: isiwe karibu na mboga za kula. Usiipange pamoja na sukuma wiki, mchicha wala spinachi. Jioni yenye giza, msichana wa kazi aliyefika jana, au mgeni anayetaka kusaidia, ataweza kuchuma asichokijua akakikatia chunguni. Weka njia au ua mdogo katikati, na kila anayeingia jikoni aonyeshwe jani hilo, aliguse vinyweleo vyake, aambiwe hili si mboga. Watoto nao waonyeshwe.

Miche haina gharama. Anayo jirani, na kipande cha mzizi chenye unene wa kidole na urefu wa sentimita 5 hadi 10 kinatosha. Lima shimo, ondoa magugu yote, hasa sangari na ndago maana baadaye hutaweza kuyafikia, changanya samadi iliyooza na udongo, kisha laza kipande hicho ubapa, sentimita 5 hivi chini ya udongo. Kutoka shina hadi shina acha sentimita 60 mpaka 90. Mashina manne au matano yanatosha familia yenye bustani ya kawaida. Panda mwanzoni mwa mvua; baada ya wiki chache utaona masikio ya kijani yakitokeza.

Msimu wa kwanza uwe na subira. Vikonyo vya maua vikitokea vikate, ili nguvu irudi kwenye mzizi. Usivune majani kwa pupa. Kuanzia msimu wa pili, mmea ukifika magotini, kata wote kwa kisu kikali au mundu, ukiacha sentimita 5 juu ya ardhi. Wakati wa mvua utaweza kukata tena kila baada ya wiki tano au sita. Vaa glovu au funga mikono kwa nguo, kwa sababu vinyweleo huwasha, na nawa vizuri ukimaliza.

KAZI YA MAJANI

Jani la komfrei ni laini ndani, halina nyuzi ngumu, kwa hiyo huoza haraka sana. Lina potasiamu kwa wingi, kuzidi samadi ya kawaida, na potasiamu ndiyo inayohitajiwa na mmea unapotoa maua na matunda. Nyanya, bilinganya, pilipili hoho, maboga, matikiti, migomba, mipapai: hawa ndio walaji wake.

Njia nyepesi ni kuyakata majani, kuyaacha yanyauke siku moja juani ili vikonyo visichipue, kisha kuyatandaza kuzunguka shina la nyanya au mgomba na kuyafunika kwa udongo au nyasi. Au yatupe ndani ya shimo la mboji, tabaka la komfrei juu ya tabaka la majani makavu, na mboji itapata moto mapema.

Njia ya pili ni mbolea ya maji. Chukua kilo moja ya majani, yaweke kwenye ndoo au pipa, tia lita 15 za maji, weka jiwe juu yasielee, funika. Baada ya wiki tatu hivi, penye joto mapema zaidi, utapata maji ya rangi ya chai nzito. Chuja, mwagilia shinani mara moja kwa wiki kuanzia maua yanapotokea. Ukitaka iliyokolea, yashindilie majani bila maji kwenye ndoo iliyotobolewa kitundu chini, weka jiwe zito juu na chombo cha kukingia. Kitadondoka kimiminika cheusi. Hicho changanya sehemu moja kwa sehemu kumi hadi ishirini za maji. Usikimwage kama kilivyo.

Mambo mawili ya usafi hapa. La kwanza ni mbu. Ndoo ya maji yaliyotulia nyuma ya nyumba ni nyumba ya mbu, na mbu wa dengi, aliyewasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda vyombo kama hivyo hasa. Funika kwa kifuniko kinachobana, au funga kipande cha chandarua chakavu juu yake kwa mpira. Mbolea isituletee homa.

La pili ni harufu. Sitaki kukudanganya: inanuka. Inanuka vibaya kama mfereji uliokufa. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunajua kinyesi cha mnyama ni najisi, hata cha mbuzi na kuku, na anayeshika samadi analazimika kuosha mwili na nguo kabla ya swala. Mbolea hii ni majani na maji tu, kwa hiyo harufu yake si najisi, na aliyerukiwa na tone hana wasiwasi wa swala yake. Lakini ikiwa mwenye harufu ya kitunguu kibichi alielekezwa akae mbali na msikiti ili asiwaudhi waumini wenzake, mwenye harufu ya pipa hili ajifikirie mwenyewe. Mwagilia asubuhi, oga, badili nguo, kisha uende.

Nyongeza kidogo kuhusu mboga za majani. Watafiti wa Ujerumani wameonyesha, katika miaka ya 2010, kwamba mimea yenye alkaloidi hizi ikioza ardhini, mimea mingine iliyo jirani huweza kunyonya kiasi kidogo cha kemikali hizo kupitia mizizi. Walifanyia jaribio gugu lingine, si komfrei, na viwango ni vidogo. Lakini mimi kwangu nimechagua njia ya tahadhari: komfrei naipeleka kwa migomba na nyanya, na mchicha naulisha mboji ya kawaida. Mchicha hauhitaji potasiamu nyingi hivyo hata hivyo.

Na mifugo? Doubleday aliisifu kwa mifugo, na wafugaji wa sungura na nguruwe huko Kenya wameitumia. Sisi nguruwe hatuna habari naye. Ila mbuzi wa maziwa na kuku wa mayai usiwape, kwa kuwa kemikali hizi huvuka kuingia kwenye maziwa na mayai, na mwishowe utakuwa umemnywesha mtoto kile kile ulichokikataza kwenye bilauri.

KUPAKA JUU YA NGOZI

Ile chembe ya ukweli niliyoitaja ipo hapa. Komfrei ina kitu kiitwacho alantoini, kinachosaidia ngozi na tishu kujijenga upya. Majaribio yaliyofanywa hospitalini Ujerumani yalionyesha kwamba marhamu ya mzizi wa komfrei hupunguza maumivu na uvimbe wa kifundo cha mguu kilichoteguka. Kumbuka ile ni marhamu ya kiwandani, ambayo sumu yake imepunguzwa. Jani la bustanini halijapunguzwa chochote.

Kwa hiyo mtu mzima aliyeteguka au aliyejigonga akapata uvimbe anaweza kuponda jani, kulifunga ndani ya kitambaa safi na kulikandika kwa saa moja au mbili, kwa sharti kwamba ngozi ni nzima, haina mchubuko wala jeraha, kwa sababu jeraha ni mlango wa kuingilia damuni. Isizidi siku kumi. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie. Na ule utelezi ukikauka hung'ang'ania ngozi, basi uoshe vizuri kabla ya udhu, maji yafike mahali pake.

Mfupa ukivunjika, au ukishuku umevunjika, ni hospitali na picha ya eksirei. Sifa ya kuunga mifupa iliwafaa watu wa zamani wasio na plasta ya hospitali. Zaidi ya hapo, lile kandiko lilikauka likawa gumu, likaushika mguu usitikisike, na huenda hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya dawa.

Nilikutana tena na yule bibi wiki mbili baadaye. Alikwishawapeleka wajukuu kupimwa, na majibu, alhamdulillah, yalikuwa mazuri. Alichokuwa akitaka sasa ni kujua namna ya kuing'oa ile safu ya mashina kumi na moja iliyo nyuma ya jiko. Nilimwambia aliyo karibu na jiko ayang'oe kweli: achimbe mpaka mzizi umwishie machoni, mizizi yote aitandaze juu ya bati juani mpaka ikauke ikatike kama kuni, asiitupe jalalani ikiwa mibichi, na kila chipukizi litakalotokea alikate lingali dogo, mwezi hata mwezi, mpaka lichoke. Aliyaacha matatu tu, kule mwisho wa migomba, akayazungushia miti.